Nilimvika Kofia Ng'ombe wa Mkwe

Wewe uliyeokota gazeti hili leo bila kusoma ya nyuma, nakusogezea kiti. Mimi ni Philbert, miaka ishirini na tisa, muuza dawa za mifugo pale Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Duka si langu, nimeajiriwa tu. Lakini huku kwetu ukionekana unapima dawa ya kupe kwenye kizibo, watu wanakuita daktari, na mimi sikuwahi kumkatalia hata mmoja.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili ni simu.

Kuna mchezo wa kukusanya viumbe vya ajabu. Una jina refu la Kizungu, ila sisi wachezaji wa Kagera tunauita Madude. Unatembea na simu, dude linatokea kwenye kioo, unalirushia kamba, ukilinasa ni lako. Unalilisha, unalifundisha kupigana, linakua. Kuucheza ni bure, nawaapia. Kila kitu ndani yake ni bure, isipokuwa kile unachokitaka.

La tatu si kosa, ni Josiane. Ni mwalimu wa chekechea hapo Nyakahura, kwao ni Kanazi, Ngara. Alikuja dukani kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe wa baba yake, akaondoka na akili yangu kwenye mfuko uleule.

Wiki iliyopita mliniacha sebuleni kwa baba yake, Mzee Celestini, siku ya kujitambulisha. Nimevaa koti la baba mdogo Juvenali, ambaye pia ndiye mshenga wangu. Dumu letu la rubisi, pombe ya ndizi, liko mlangoni. Mama Josiane anaongoza sala, wote tumefumba macho, ndipo simu yangu, niliyoapa kwamba nimeizima, ikanguruma mfukoni.

Ngrrroooo! Ngrrroooo! Ting!

"Amina," Mama Josiane akasema, sala ikiwa nusu.

Mzee Celestini akafumbua macho taratibu. Ni mzee mrefu, mkavu, fimbo yake ya kuchungia imelala magotini. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini macho yake yalikuwa mazima kabisa, na yote mawili yalinitazama mimi.

"Ni nini hicho?"

Baba mdogo Juvenali hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. "Ni tumbo langu, mzee mwenzangu. Tumetoka Biharamulo alfajiri bila chai."

"Tumbo lako linanguruma mara mbili, halafu linapiga kengele?"

Baba mdogo akainama kulitazama tumbo lake, kama vile naye amelishangaa.

"Hilo si tumbo," mzee akasema. "Huyo ni Ngurumo. Dude la daraja la saba. Ana njaa, anaomba kulishwa."

Nikamtazama Josiane, Josiane akatazama dari.

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kitambaa, akakikunjua taratibu. Ndani kulikuwa na simu, kioo kimepasuka pembeni, na kwenye kioo hicho niliona kitu ninachokijua kuliko kiganja changu. Lilikuwa zizi la Madude, limejaa mpaka langoni.

"Unatumia jina gani?" akaniuliza.

"Dokta Kupe," nikasema, sauti ikitoka puani.

Mzee akasimama. Fimbo ikaanguka. "Yampaye inka!" akapiga kelele, kiapo cha kwao kwa aliyempa ng'ombe. "Dokta Kupe wa Biharamulo? Kijana, mimi ni AMASHYO!"

Jamani, nilitamani kuruka dirishani na kumkumbatia kwa wakati mmoja. AMASHYO! Mchezaji anayeogopwa kuanzia Ngara mpaka Muleba! Kila asubuhi nilikuwa namfikiria kama kijana fulani wa chuo, mwenye miwani na bando lisiloisha. Kumbe ni baba yake Josiane, anachunga ng'ombe wake wa kweli huku ananasa wa kwenye simu kilima kilekile.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Miezi mitatu nyuma, kwenye ukumbi wa wachezaji, niliomba kwa unyenyekevu mwenye dude aina ya Pembe Ndefu anisaidie. Ni dude jekundu lenye pembe kama za ng'ombe wa huku na mikia mitatu. Watu walinicheka. AMASHYO peke yake hakucheka. Alinitumia la kwake, bure, na maneno mawili: "Nimekugabira. Mtunze." Kugabira, nilikuja kujua, ni kumpa mtu ng'ombe kwa moyo.

Mimi nikamjibu kwa kidole gumba.

"Ulinitumia kidole," mzee akasema, kana kwamba amenisoma kichwani. "Kwetu aliyegabiwa ng'ombe hujibu kwa miguu. Huja na pombe nyumbani kwa aliyempa, hukaa, hushukuru. Tunaita kukura ubwatsi. Nilisubiri wiki, nikasubiri mwezi. Nikasema, labda Biharamulo wana desturi yao ya kidole." Akalitazama dumu letu mlangoni, na uso wake ukafunguka wote. "Kumbe ulikuwa njiani! Mama Josiane, umeona? Amekuja na rubisi!"

"Celestini," mama akasema, "hawa wamekuja kwa ajili ya Josiane."

"Na hilo pia."

Akaagiza vikombe. Akaniita mwanangu. Akamwambia baba mdogo kwamba mambo ya mahari ni mazungumzo ya watu wanaoelewana na sisi tumeshaelewana siku nyingi. Kwa mahesabu yangu, mpaka saa nane mchana ningekuwa na mke.

Baba mdogo akaniinamia sikioni. "Ng'ombe gani huyo uliyepewa? Yuko wapi?"

"Wa kwenye simu."

"Anakamuliwa?"

"Hapana."

"Anachinjwa?"

Nikapaliwa na rubisi, nikakohoa mpaka mama akanipiga mgongoni.

"Huyo Ngurumo wako," mzee akasema, akifuta povu kwenye masharubu, "hanaswi porini. Ni wa kupikwa kwenye chungu. Ulipika nini?"

"Vyura Moto wawili, mzee."

Akanitazama kidogo. "Vyura wawili. Ehe." Akanywa tena. "Haya, basi. Nifungulie zizi lako nimwone Bihogo wangu."

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapokuja kuungama, na ninakuomba usikunje gazeti.

Bihogo ndilo jina alilompa yule Pembe Ndefu kabla ya kunitumia, jina la ng'ombe wake wa kweli anayempenda kuliko wote. Mimi niliona ni jina tu. Wiki ya kwanza nilimpenda sana. Wiki ya pili likafunguka duka la mchezo, lile linalowakawaka kama taa ya disko, likanionyesha kofia ya pama yenye unyoya. Kofia ya dude! Nilijiambia sinunui. Nikafunga simu. Nikafungua simu. Nikanunua. Nikamvika Bihogo ile kofia, ikakaa katikati ya pembe, nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja mmoja wa dawa za minyoo akaondoka bila kununua.

Baba mdogo alipoiona aliniuliza swali moja tu: "Umenunua kofia ambayo huwezi kuivaa?"

Ningeishia kwenye kofia, leo ningekuwa mume wa mtu. Lakini wiki ya tano duka likaleta kuni za dhahabu. Ukizinunua, unaweza kuchukua dude lako zuri na dude lako baya, unawatia kwenye chungu, wanachemka, anatoka mmoja mwenye nguvu za kutisha. Ofa ilikuwa inaisha siku ileile. Sikufikiri hata dakika. Nikamtia chura. Na kwa mkono wangu mwenyewe nikamtia na Bihogo, na kofia yake.

Akatoka Ngurumo. Nilishangilia mpaka majirani wakadhani timu yangu imefunga.

"Mtandao, mzee," nikasema, nikiinua simu juu kama mtu anayetafuta njia ya nyuki. "Humu ndani haushiki. Ngoja nitoke kidogo."

"Nenda kule zizini, kuna mwinuko," mzee akasema kwa upole.

Josiane akanifuata. Tukasimama kwenye ua wa zizi, nami nikamwambia kwa pumzi moja: "Nimempika."

"Nani?"

"Bihogo. Nimempika na chura."

Josiane alicheka. Alianza akiwa amesimama, akamalizia akiwa amekaa chini, khanga imemziba mdomo ili wasimsikie ndani. "Na... na kofia?" akauliza. Nikamwambia na kofia. Akaanza upya.

Halafu kicheko kikakatika ghafla, na hapo nikaogopa kweli.

"Philbert, sikiliza. Unamjua Mzee Aron wa pale njia panda? Babu yangu alimgabira ng'ombe, akamuuza mnadani. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mpaka leo baba akikutana naye njiani anasalimia baiskeli yake. 'Habari yako baiskeli.' Yeye mwenyewe hamwoni."

"Lakini yule alikuwa ng'ombe wa kweli."

"Kwa baba kilichotolewa kwa moyo ni cha kweli. Mtu akipewa kitu kwa moyo akakiharibu, hapewi kingine." Akajifuta nyasi kwenye khanga, akasema taratibu: "Na hicho kingine ni mimi."

Nilihisi koti la baba mdogo linanibana kila mahali.

"Nenda kamwambie ukweli," akasema. "Sasa hivi, rubisi ikiwa bado tamu."

Nilitaka, nawaapia. Lakini nilipofungua simu, duka likawaka lenyewe. Ofa ya leo: Pembe Ndefu. Mwekundu, pembe zilezile, mikia mitatu ileile. Nikibadilisha jina tu, nani atajua?

"Philbert, usithubutu."

"Ukweli nitamwambia tukipata mtoto wa pili."

"Mimi simo," Josiane akasema, akanigeuzia mgongo.

Bei sisemi, mama yangu anasoma gazeti hili. Nikabonyeza. Nikaweka namba ya siri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu zikalia tarumbeta, na Pembe Ndefu mpya akaruka kwenye kioo akipunga mkia. Nikamwandika: BIHOGO. Furaha niliyoisikia pale, Mungu anisamehe, ilikuwa safi kabisa.

"Dada!" sauti ikaita ndani ya zizi. Alikuwa Keza, mdogo wake Josiane, amesimama kando ya ng'ombe mkubwa mwekundu mwenye tumbo kama mtumbwi uliopinduliwa. Huyo ndiye Bihogo mwenyewe, wa nyama na pumzi. "Bihogo hajala tangu asubuhi. Analala, anaamka. Daktari, hebu njoo umtazame."

Yule ng'ombe akanigeukia na kunitazama. Nami nikajikuta nyuma ya Josiane.

Hili nalo sijawahi kumwambia mtu. Nauza dawa za ng'ombe, najua majina ya dawa zote, kipimo kwa uzito, siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa. Lakini ng'ombe mwenyewe namwogopa. Nilipokuwa na miaka sita mmoja alininasa kaptula kwa pembe, akanitembeza hadi kisimani.

"Anaonekana mzima tu," nikamjibu Keza kutoka nyuma ya bega la Josiane. "Mpe majani mabichi."

Nikarudi ndani mbio.

"Mtandao umekubali, mzee!"

Mzee Celestini akaipokea simu yangu kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea mtoto mchanga. Akamtazama Pembe Ndefu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumsifu, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa lugha ya nyumbani kwake, mguu ukipiga sakafu.

"Bihogo, binti wa Gaju! Mwenye pembe za kukinga mvua! Asiyekunywa maji yaliyotibuliwa na wengine! Ukipita wewe, wenye haraka husimama!"

Babu yake Josiane alivuka Mto Kagera zamani na mke mmoja na ng'ombe saba, na wakisimulia safari hiyo hapa nyumbani ng'ombe hutajwa kwanza. Baba mdogo Juvenali, ambaye kwao wanalima mihogo, naye akaanza kupiga makofi kwa adabu. Mama alikuwa anacheka kichinichini. Nikajiona nimevuka.

Mzee akaisogeza simu karibu na macho. "Kofia iko wapi?"

"Kofia, mzee?"

"Si ulimvika kofia? Uliweka picha yake kwenye ukumbi wa wachezaji. Niliiona. Nilicheka wiki nzima, nikamwonyesha na mama. Nikasema, huyu kijana ana wazimu, lakini anampenda ng'ombe. Iko wapi?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Lilitoka tu.

"Nimemvua, mzee. Tuko ndani ya nyumba ya watu."

Baba mdogo aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Lakini mzee aliinua kidole kilichopinda na kumwonyesha mkewe. "Umesikia? Amemvua kofia kwa heshima. Mama Josiane, vijana kama hawa wako wangapi siku hizi?"

"Huyu ni wa kwanza," mama akasema.

"Jovina wangu angekuwepo angelia kwa furaha," baba mdogo akadakia, akimtaja marehemu mkewe, na akaona hapo ndipo pa kuweka posa mezani. Akakohoa, akakaza koti lake la akiba. "Basi mzee mwenzangu, kwa kuwa ng'ombe ameonekana, na adabu imeonekana, sisi tulikuwa tunasema..."

"Ngoja kidogo," mzee akasema. "Nimsalimie mama yake."

"Mama wa nani?"

"Wa ng'ombe. Nyie watu wa mihogo mnatazama pembe. Sisi tunauliza kwanza mama yake ni nani."

Akabonyeza kona ya chini ya kioo, mahali ambapo mimi, kwa mwaka mzima wa kucheza, sijawahi kubonyeza. Ukafunguka ukurasa. Juu yake pameandikwa: UKOO.

Mzee akaisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma tangazo kanisani.

"Jina: Bihogo. Asili: duka. Mama: hakuna. Baba: hakuna." Akameza mate. "Umri: dakika kumi na nne."

Nje jogoo aliwika saa sita mchana bila sababu.

"Dakika kumi na nne," mzee akarudia. "Hata chai haijapoa."

Baba mdogo akajaribu. Ni mshenga, ilikuwa kazi yake. "Mzee mwenzangu, mashine hizi zina makosa mengi. Mimi kitambulisho changu kinasema ni mwanamke."

Mzee aliifunika simu yangu kwenye meza, kioo chini, kwa utaratibu.

"Kijana. Bihogo yuko wapi?"

Nilimtazama Josiane aliyekuwa ameingia na kusimama mlangoni. Hakunisaidia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sikuona kicheko hata kidogo ndani yake.

"Nimempika, mzee," nikasema. "Na chura mmoja. Nilinunua kuni. Nilitaka Ngurumo."

"Nilijua," mzee akasema.

"Ulijua?"

"Vyura wawili hawatoi Ngurumo. Wanatoa chura mkubwa. Tangu ulipojibu nilijua. Nikasema nimpe nafasi, ataniambia mwenyewe. Nikakunywesha, nikakusifia, nikakutuma nje ukapate hewa ya kuniambia. Ukaenda dukani." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kumpika ni ujinga, na ujinga ninausamehe, nami nilikuwa kijana. Lakini kuninunulia mwingine ukaniletea uniambie ndiye?"

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Mchezo ule wote, kofia, kuni, tarumbeta, ghafla nikaona si vya kuchekesha hata kimoja.

"Mimi sina mali," akaendelea. "Nina ng'ombe wachache na mabinti wawili. Leo ulikuja kuniomba mmoja wa mabinti. Huyo naye akikushinda, utaenda duka gani?"

Akainama kuokota fimbo yake. Akaiweka begani. Mtu wa huku akiweka fimbo begani, mazungumzo yamekwisha. Baba mdogo alishaanza kutafuta kiatu chake uvunguni. Josiane akageuka akatazama uani, na nikasikia anavuta makamasi.

"Baba! Babaaa!"

Alikuwa Keza. Alifika mlangoni anahema, gauni limejaa majani.

"Bihogo anazaa! Amelala ubavu. Chupa imepasuka zamani, mguu umechungulia, sasa haendi mbele wala nyuma. Amechoka, baba!"

Mzee Celestini akawa mtu mwingine. Alitoka kama kijana wa miaka ishirini, sisi sote nyuma yake. Zizini Bihogo alikuwa amelala kwenye nyasi, shingo imenyooka, akiguna kwa sauti ya chini kabisa. Mzee akapiga magoti kando yake, akamshika pembe, akamwambia maneno ya taratibu ya lugha yao. Kisha akavitazama vidole vyake vilivyopinda.

"Ndama amekaa vibaya. Inabidi mkono uingie umweke sawa. Miaka yote ni mimi niliyewavuta," akasema. "Mikono hii haishiki tena."

"Tumpigie mtaalamu wa kata," Josiane akasema.

"Nimeshampigia," Keza akajibu. "Yuko Kibimba, anasema mpaka saa kumi."

"Saa kumi atakuta ngozi," mzee akasema.

Halafu wote, mzee, mama, Josiane, Keza, hata baba mdogo anayejua kila kitu, wakageuka kunitazama mimi. Daktari.

Nilifungua mdomo kusema nimesahau vifaa Nyakahura. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu kabisa, kama lile la kofia. Nikamwona mzee ananisubiri. Alinisubiri vilevile alivyonisubiri sebuleni.

"Mzee," nikasema, "mimi si daktari. Nauza dawa tu. Ng'ombe nawaogopa. Sijawahi hata kumshika mmoja."

"Mungu wangu," baba mdogo akanong'ona.

Mzee Celestini akanitazama kwa muda ambao Bihogo aliguna mara mbili.

"Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ninalolisikia kwako leo," akasema. "Vua koti."

"Mzee?"

"Mkono wako ni mwembamba, una vidole vizima. Akili nitakupa mimi. Keza, maji na sabuni. Mama, mafuta ya kupikia. Vua koti, kijana, na usiniambie unamvulia kwa heshima."

Nikavua. Nikanawa mpaka begani, sabuni ikanitoroka mara tatu. Mama akanipaka mafuta. Josiane alipiga magoti upande wa pili wa ng'ombe, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu kile kicheko cha uani akatabasamu, kidogo tu, pembeni mwa mdomo. Kwa tabasamu lile ningeingia kwenye tundu la chatu.

"Taratibu," mzee akasema, amekumbatia kichwa cha Bihogo. "Akikaza, subiri. Akilegea, sogea. Tafuta miguu. Uniambie unachoshika, usiniongezee wala usinipunguzie."

Nikafumba macho, nikaingiza mkono. Kulikuwa na joto ambalo sikulitarajia, na nguvu ya kunivunja mfupa. Bihogo akakaza, nikasubiri huku nasali sala yote ambayo asubuhi tuliikatisha. Akalegea. Nikasogea.

"Nimepata mguu," nikasema. "Kwato! Mzee, nimeshika kwato!" Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kwa nini.

"Vizuri, mwanangu. Tafuta wa pili."

Aliniita mwanangu. Nikasogea tena.

"Wa pili huu hapa!"

"Sasa pitisha mkono juu ya miguu utafute kichwa."

Nikapitisha mkono, polepole. Kichwa sikukipata. Niligusa kitu kingine, kigumu, chembamba, kikanipiga teke kiganjani. Nikakishika. Nikarudi nyuma, nikahesabu upya kwa vidole. Nikahesabu mara ya tatu.

"Vipi?" mzee akauliza. "Mbona umenyamaza? Nimesema uniambie ukweli."

"Mzee," nikasema, "miguu ni mitatu."

Mzee Celestini akakiachia kichwa cha Bihogo. "Basi ni mapacha," akasema, "na wote wawili wanagombea mlango mmoja."